Baiskeli katikati ya waenda kwa miguu: kengele, breki na mita moja ya nafasi

Njia za baiskeli zilizo kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, zilijengwa pamoja na barabara ya mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Kwenye michoro kila mtu ana sehemu yake: basi katikati, magari pande mbili, halafu baiskeli, halafu waenda kwa miguu. Fika Manzese saa 12 jioni uone hali yenyewe. Upande wa waenda kwa miguu una meza za machinga, bodaboda zinazosubiri abiria na jiko la mama ntilie. Wanaotoka kazini wapite wapi? Wanapita kwenye njia ya baiskeli kwa sababu ndiyo iliyobaki wazi. Mwenye baiskeli naye anakuja kwa kasi, anapiga kengele mfululizo, anafoka.

Msimamo wangu ni huu, na mengine yote hapa chini yanatoka humo: anayeleta uzito na mwendo ndiye anayebeba jukumu. Wewe na baiskeli yako mna kilo 85 au 90 hata kabla ya mzigo, na mnakwenda mara tatu au nne ya mwendo wa mtu anayetembea. Yeye hana breki, hana taa, hana kioo cha kuona nyuma, na mara nyingi ana mtoto mkononi au ndoo kichwani. Alama iliyochorwa chini ikisema njia ni yako, haikupi ruhusa ya kumgonga aliyesukumwa humo na meza za biashara.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya 1973 inaihesabu baiskeli kuwa chombo kinachotumia barabara. Maana yake kwa vitendo ni rahisi. Unakaa kushoto. Unasimama kwenye mataa. Unasimama kwenye kivuko cha zebra mtu anapovuka, sawasawa na gari. Na ukitaka kuvuka wewe mwenyewe kwenye zebra, unashuka na kusukuma, maana ukiwa juu ya tandiko wewe si mwenda kwa miguu, na dereva wa gari hatarajii kitu kinachoingia kivukoni kwa kilomita 15 kwa saa.

Mwendo kwanza

Watu wengi hawajui wanakwenda kwa kasi gani kwa sababu baiskeli nyingi hazina mita. Pima hivi: tafuta sehemu iliyonyooka, hesabu mita 50 kwa hatua ndefu, weka alama mbili, kisha endesha kama kawaida yako huku mwenzako anaangalia sekunde kwenye simu. Sekunde 12 ni kilomita 15 kwa saa. Sekunde 9 ni kilomita 20. Sekunde 7 ni zaidi ya 25. Mtu anayetembea kawaida anatumia kama sekunde 36 kwa umbali huohuo.

Sasa angalia unavyosimama. Tangu jicho lione hatari hadi vidole vikaze breki, sekunde moja inapita, na katika sekunde hiyo baiskeli inaendelea na mwendo uleule. Kwa kilomita 15 kwa saa hiyo ni mita 4 na kidogo, halafu breki mbili nzima kwenye lami kavu zinahitaji kama mita 3 nyingine. Jumla mita 7. Kwa kilomita 20 jumla inafika karibu mita 11. Kwa 25 ni mita 15, yaani urefu unaozidi basi la kawaida. Ukitumia breki ya nyuma peke yake, kama wengi wanavyofanya kwa kuogopa kupinduka, ongeza mita 3 au 4 hata kwenye kilomita 20. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, kishindo kinakuwa mara nne. Ndiyo maana tofauti kati ya 12 na 24 si ndogo kama inavyosikika.

Kwenye njia ambayo watu ni wachache na unawaona tangu mbali, 15 inatosha. Watu wakitawanyika hapa na pale, shuka hadi 10, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Wakiwa wengi kiasi kwamba unapita mmoja kila sekunde chache, uwe kwenye 6 hadi 8. Mabega yakianza kugusana, shuka. Kwenye lango la soko la Kariakoo au stendi wakati wa jioni hakuna ujanja wa kuendesha, kuna kusukuma tu.

Kwenda polepole ni ufundi wake wenyewe. Chini ya kilomita 6 kwa saa baiskeli inaanza kuyumba, na anayeyumba katikati ya watu ni hatari kuliko aliyeshuka. Kinachosaidia ni kukanyaga pedeli kidogo kidogo bila kuacha huku breki ya nyuma imeshikwa kwa mbali. Magurudumu yanakuwa na mvuto, na baiskeli inatulia. Macho yaende mita 5 au 6 mbele, yasiangalie tairi. Ukiangalia tairi utayumba. Kama baiskeli ina gia, ingia gia nyepesi kabla ya kufika kwenye watu, maana kubadilisha gia nzito huku unasimama ndiko kunakofanya mtu akanyage kwa nguvu na kurukia mbele. Jizoeze uwanjani: chora mstari wa mita 10, uufuate kwa sekunde 6 au zaidi bila kuweka mguu chini. Ukishindwa, teremsha tandiko sentimita 2 hadi vidole vya miguu yote miwili viguse ardhi, ujaribu tena.

Kengele ni taarifa

Kengele inaharibiwa na matumizi mabaya kuliko kutu. Hebu tuangalie kinachotokea inapopigwa ukiwa mita 3 nyuma ya mtu. Anashtuka. Anageuza kichwa kuangalia, tuseme kulia. Mwili unafuata kichwa, mguu unafuata mwili, na hatua inayofuata anaiweka kulia, palepale ulipopanga kupita. Hakufanya ujinga, binadamu yeyote anapogeuka ghafla huku anatembea anaelekea anakoangalia. Ikiwa wako wawili wameshikana mikono, mmoja anavuta kushoto na mwingine anavuta kulia, na wote wanabaki katikati.

Piga ukiwa mita 15 hadi 20 nyuma, mara moja au mbili, kisha acha. Kama wewe uko kwenye kilomita 15 na yeye anatembea kilomita 5 kwa saa, umbali kati yenu unapungua kwa mita 3 hivi kila sekunde, kwa hiyo umempa sekunde 5 au 6 za kusikia, kuelewa na kuamua. Katika sekunde hizo acha kukanyaga, weka vidole kwenye breki, na umwangalie. Unatafuta ishara: kichwa kimegeuka, amesogea, ameinua mkono, amemvuta mtoto. Ukiiona, subiri amalize kusogea ndipo upite. Usipoiona, chukua kwamba hakusikia. Ana spika za masikioni, ana uziwi, anaongea na simu, au muziki wa dukani umefunika kila kitu. Hapo punguza hadi mwendo wake na useme kwa sauti ya kawaida.

Maneno yenyewe yana uzito. "Pisha!" na "Njia!" ni amri; mtu anaganda au anakasirika, na vyote viwili vinamchelewesha. "Samahani mama, napita kulia kwako" inamwambia nani, nini na upande gani. Kwa mzee mwanaume ni "Samahani mzee", kwa rika lako ni dada au kaka, na kwa watoto sema "Wadogo zangu, simameni hapohapo kidogo" kisha upite kwa mwendo wa kutembea. Akikupisha, sema asante. Hiyo si adabu tu. Mtu aliyeshukuriwa leo atapisha na wa kesho.

Asiyeona hawezi kujua kengele inatoka upande gani wala itapita upande gani. Ukiona fimbo nyeupe, simama kabisa, mwache apite, na kama njia ni nyembamba mwambie uliko: "Baiskeli imesimama kushoto kwako." Usimshike mkono bila kumuuliza, na usipite karibu ya fimbo, maana ikinasa kwenye spoki inavunjika na yeye anavutwa.

Kifaa chenyewe kifungwe mahali kidole gumba kinafika bila mkono kuacha usukani na bila vidole vingine kutoka kwenye mkono wa breki. Baiskeli nyingi utakuta kengele imefungwa katikati kabisa, na mwenye baiskeli inambidi achague kati ya kupiga kengele na kufunga breki. Ndani mna springi na meno madogo yanayoganda kwa vumbi na mvua. Fungua kikombe cha juu, futa kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno, rudisha. Kama mlio umekufa ingawa ndani ni safi, angalia kama kikombe kinagusana na waya wa breki au na kifungio. Kikigusa kitu hakiwezi kulia.

Upande wa kupita, na kwa nini wa kushoto kwako wanatembea wakikuangalia

Mahali pasipo njia ya miguu, watoto hufundishwa shuleni kutembea upande wa kulia wa barabara wakiyatazama magari yanayokuja. Wewe mwenye baiskeli unakaa kushoto. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unaona mpangilio wake: mnakutana uso kwa uso. Yeye anakuona, wewe unamwona, na hakuna kengele inayohitajika. Anayeendesha upande usio wake, kwa sababu duka liko ng'ambo na hataki kuvuka mara mbili, anavunja mpangilio wote. Anawatokea watu kwa nyuma, kimya, mahali ambapo hawana sababu ya kugeuka. Hata mwenda kwa miguu anayevuka barabara huangalia kulia kwanza, kwa sababu magari ya upande wa karibu yanatoka huko. Baiskeli inayokuja kinyume inatoka kushoto, asikoangalia. Kama kuna tabia moja ya kuacha leo, ni hii.

Mkikutana ukingoni mwa barabara, mwache yeye ukingoni, wewe utoke nje kidogo kuelekea kulia. Usimlazimishe kuingia barabarani ili wewe upite kati yake na mtaro. Lakini kabla ya kutoka, geuza kichwa uangalie nyuma. Kama kuna gari linakuja, kaa nyuma, punguza au simama, gari lipite, ndipo utoke. Sekunde 4 zimepotea, hakuna kingine.

Nafasi ya kuacha kati ya ncha ya usukani na mtu ni mita 1 ikiwa unazidi mwendo wa kutembea. Kwa mtoto, kwa mzee mwenye mkongojo, na kwa aliyebeba mzigo kichwani, iwe mita 1 na nusu. Mwenye ndoo ya maji kichwani hawezi kugeuza shingo haraka, na akikwepa kwa ghafla maji yanamvuta upande ule ule alioinamia. Kama mita hiyo haipatikani, basi mwendo ndio unaopungua: pita kwa kasi yake yeye, au usubiri njia ipanuke.

Mlango wa daladala

Hapa ndipo wengi wanapogongwa. Daladala inasimama, wakati mwingine mita moja na nusu kutoka ukingoni. Ile nafasi ya kushoto inaonekana kama njia ya bure kwa baiskeli. Mlango uko kushoto. Kondakta anaruka kwanza, kabla gari halijasimama, na anaruka akiwa ameangalia abiria, si njia. Nyuma yake anashuka mama amempakata mtoto, anatafuta ardhi kwa mguu. Haoni kitu kingine. Wanaotaka kupanda nao wanakimbilia mlango huohuo kutoka kituoni. Baiskeli ikiingia hapo inakatiza watu wa pande mbili ambao hakuna hata mmoja anayeiangalia.

Usipite kushoto ya daladala iliyosimama. Simama mita 3 nyuma yake usubiri, au toka kulia baada ya kuangalia nyuma, ukiacha mita 1 na nusu. Ukipita kulia, hatari nyingine iko mbele ya gari: abiria aliyeshuka anavuka kwa kupitia mbele ya daladala, na wewe humwoni hadi amejitokeza. Kwa hiyo unapoikaribia pua ya gari, uwe tayari umeacha kukanyaga.

Kanuni hiyohiyo iko kivukoni. Ukikuta gari limesimama kwenye zebra na huoni sababu, sababu iko mbele ya gari hilo na inatembea. Usilipite. Vivuko vya kwenda kwenye vituo vya Mwendokasi vina jambo lake la ziada: vituo viko katikati ya barabara, na mtu akiona basi lake linaingia anakimbia. Anaangalia basi. Unapokaribia kivuko cha kituo na basi liko jirani, hesabu kwamba kuna mtu atakimbia, na uwe kwenye kilomita 8 mapema.

Breki, kwa kina kidogo

Yote ya juu yanategemea breki, na breki za baiskeli nyingi mitaani ni za kusikitisha. Kuna wanaosimamisha baiskeli kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la mbele au la nyuma. Ndala haisimamishi, inapunguza tu, na kwenye tope haifanyi hata hilo.

Jaribu lako la asubuhi ni fupi. Simama kando ya baiskeli, kaza breki ya mbele kwa nguvu, isukume mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka au baiskeli ikatae kabisa kusogea. Kaza ya nyuma, sukuma: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Kisha angalia mkono wa breki ukiwa umekazwa. Pabaki nafasi ya vidole viwili kati yake na usukani. Ukigusa usukani, huna breki hiyo.

Kwenye breki za waya, kaza waya kwa kulegeza nati inayoubana (mara nyingi spana namba 10), uvute kwa koleo hadi mipira ibaki milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi kila upande, kisha kaza nati. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika karibu na nati au ndani ya mkono wa breki, badilisha waya mzima. Hauongezi taarifa nyingine kabla ya kukatika. Mpira wa breki ukae wote juu ya ringi. Ukipanda juu unakula tairi hadi tyubu inapasuka, ukishuka chini unateleza kwenye spoki. Mifereji kwenye mpira ikiisha, mpira umekwisha. Mpira uliokauka na kung'aa bado unaweza kupona: usugue kwa msasa hadi weusi mpya utokee. Ringi yenye mafuta ya cheni ifute kwa maji ya sabuni, uisuuze, uikaushe.

Zile baiskeli kubwa za kichina zenye breki za vyuma, zinazobeba nusu ya mizigo ya nchi hii, zina mipira inayovutwa juu kugusa ringi kwa ndani, upande wa spoki. Ni imara na hazina waya wa kukatika, lakini zina udhaifu wawili. Viungo vya vyuma vinalegea kimoja baada ya kingine hadi mkono unakwenda wote bila kitu kutokea, kwa hiyo nati zake zipitiwe kwa spana kila wiki. Na ringi zake ni za chuma chenye kung'aa, ambacho kikilowa breki inapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Siku ya mvua, kabla ya kufika kwenye watu, shika breki kwa mbali kwa mizunguko michache ya gurudumu ili mpira upanguse maji. Umbali wa kusimama ufikirie kuwa mara mbili au zaidi. Mistari ya rangi ya zebra ikilowa inateleza, kwa hiyo maliza kufunga breki kabla hujaikanyaga, na usikate kona juu yake. Mchanga ulioletwa na maji juu ya lami ni vilevile.

Kuhusu woga wa breki ya mbele: unapofunga breki uzito unaelekea mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuburuzika, ndiyo maana ya nyuma peke yake haitoshi. Tumia zote mbili, kaza kwa kuongeza nguvu taratibu badala ya kubana ghafla, sogeza makalio nyuma kidogo, mikono iwe imenyooka. Na usifunge ya mbele kwa nguvu huku usukani umepinda. Ukizoea uwanjani kwa nusu saa, woga huo unaisha.

Mizigo

Usukani wa baiskeli una upana wa sentimita 60 hadi 70, na mwenye baiskeli huzoea kupita kwa kipimo hicho. Akifunga magunia mawili ya mkaa, matenga ya kuku au makasha ya mikate, upana wa nyuma unakuwa mita 1 au zaidi, lakini macho yake bado yanapima usukani. Mbele imepita salama, gunia ndilo linalomgonga mtu begani. Dawa ni kupima: kata kamba yenye urefu wa sehemu pana kuliko zote ya mzigo, inyooshe mbele ya usukani wakati unafunga, ujue upana unaobeba. Kama mzigo ni mpana kuliko usukani, mita yako ya nafasi inaanza kuhesabiwa kwenye ncha ya mzigo.

Mzigo mzito juu ya keria unafanya usukani kuwa mwepesi na baiskeli kuwa ngumu kusimama. Weka vizito chini na karibu na tandiko, si mkiani. Mbao, mabomba na nondo zisifungwe kwa kukingama kamwe. Zikilazwa kwa urefu, ncha ya nyuma ifungwe kitambaa chekundu, na ncha ya mbele isizidi tairi, maana ndiyo inayofika kwenye uso wa mtu kabla ya kitu kingine chochote. Mzigo mzito kuliko unavyoweza kuusimamisha kwa mita 5 haufai kuendeshwa katikati ya watu. Sukuma, kama wauza madafu wa mjini wanavyofanya.

Unaposukuma, kaa kushoto kwa baiskeli, kwa kuwa cheni iko kulia na itakuchafua wewe au mpita njia. Zungusha pedeli ya upande wako iwe juu na mbele, isikupige ugokoni. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye tandiko, vidole karibu na breki: baiskeli yenye kilo 60 za mzigo inayokuponyoka kwenye mteremko ni chombo kisicho na dereva.

Usiku

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Wengi wanajua hivyo, lakini wanaielekeza ya mbele usawa wa macho ya watu, na anayetembea kuja kwako anapofushwa, anasimama au anaingia mtaroni. Iinamishe hadi duara la mwanga liguse ardhi kama mita 10 mbele yako. Taa ya mbele inayomweka inafanya umbali uwe mgumu kukisia, kwa hiyo ya mbele iwake mfululizo. Dainamo inazimika ukisimama na inateleza kwenye tairi lenye maji, basi ongeza viakisi mwanga. Vya kwenye pedeli ni bora kwa sababu vinapanda na kushuka, na mtu anajua papo hapo kuwa ni baiskeli. Umeme ukikatika mtaa mzima, usitegemee kuona watu kwa taa yako ndogo. Nenda kwa mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya mwanga wako: mita 10 za mwanga, kilomita 15 kwa saa, si zaidi.

Kwa walio ughaibuni

Wasomaji mnaoishi Uingereza, kuendesha kwenye njia ya miguu iliyo kando ya barabara ni kosa tangu sheria ya 1835. Kwenye njia za pamoja, kanuni za barabarani zilizorekebishwa Januari 29, 2022 zinataka mwenye baiskeli ampishe mwenda kwa miguu. Ujerumani, mtoto hadi miaka 8 anaendesha kwenye njia ya miguu, na hadi 10 anaruhusiwa; mtu mzima hana ruhusa hiyo kwa jumla. Katika nchi nyingi za Ulaya bara, alama ya duara la bluu yenye baiskeli na watu ikigawanywa kwa mstari wa wima ina maana kila mmoja ana upande wake. Mstari ukiwa wa kulala, njia ni ya wote. Baiskeli za umeme za kawaida kule hukata msaada wa mota zikifika kilomita 25 kwa saa, lakini zina kilo 20 hadi 25 na hazina sauti, kwa hiyo taarifa ya mapema inahitajika zaidi.

Ukimgonga mtu

Simama. Ondoa baiskeli njiani, mwite mtu mwingine azuie magari, kisha umwendee aliyeanguka. Mara nyingi jeraha kubwa halitoki kwenye baiskeli, linatoka kwenye ardhi: mtu anaanguka chali na kisogo kinagonga lami. Watu watataka kumnyanyua haraka na kumkalisha. Wazuie. Kama analalamika shingo au mgongo, au hajitambui vizuri, abaki alivyo hadi msaada ufike, isipokuwa pale alipo pana hatari ya kugongwa tena. Kama haitikii kabisa lakini anapumua, mlaze ubavu kwa uangalifu, kichwa na mwili vikigeuka pamoja, asikabwe na matapishi. Damu inayotoka ikandamize kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufungua kuangalia.

Mzee aliyeanguka ubavu na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwingine, wayo umelalia nje, huenda amevunjika nyonga. Asisimamishwe hata akisisitiza kuwa yuko sawa. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri, na watu wa nyumbani waambiwe wamwangalie kwa saa 24: akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, kichwa kikizidi kuuma au mkono ukilegea, arudishwe mara moja.

Tanzania namba ya dharura ya polisi ni 112. Majeruhi wa ajali huandikiwa fomu ya PF3 na polisi, lakini hali ikiwa mbaya hospitali kwanza, fomu itafuatwa na mtu mwingine. Acha jina na namba yako ya simu kwa majeruhi au kwa ndugu yake, piga picha ya mahali palivyo kabla baiskeli haijachukuliwa, na kabla ya kuipanda tena rudia lile jaribu la breki, kwani usukani ukipinda kwa kuanguka waya huvutwa na mipira hutoka mahali pake.